Sura ya Nne: Tone Moja la Maji

Tarehe 15 Agosti 1975, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, Askofu Mkuu François-Xavier Nguyen Van Thuan aliitwa na wakuu wapya wa Saigon, akakamatwa, na hakurudi nyumbani. Alikuwa na umri wa miaka 47. Mwilini alivaa kanzu yake na mfukoni alikuwa na rozari. Hiyo ndiyo mali yake yote aliyoanza nayo safari ya kifungo. Miezi minne kabla, Papa Paulo VI alikuwa amemteua kuwa askofu mkuu mwandamizi wa mji huo, na haikutimia hata wiki moja mji ukaangukia mikononi mwa jeshi la Kaskazini. Isitoshe, mjomba wake, Ngo Dinh Diem, aliwahi kuwa rais wa Vietnam Kusini. Mbele ya serikali mpya, ukoo huo peke yake ulikuwa kosa.

Alifungwa miaka 13 bila kufikishwa mahakamani. Miaka 9 kati ya hiyo alitengwa na wafungwa wenzake, akiwa peke yake na walinzi wake.

Mwanzoni aliruhusiwa kuandika barua ya kuomba mahitaji: nguo, dawa ya meno na vitu kama hivyo. Akaomba pia divai kidogo, dawa yake ya tumbo. Waamini waliopata barua hiyo hawakuhitaji kufafanuliwa. Ililetwa chupa ndogo yenye kibandiko cha dawa ya tumbo, na hostia zikiwa zimefichwa ndani ya tochi ili unyevu usiziharibu. Mkuu wa gereza alimuuliza kama tumbo linamsumbua. Akajibu kwamba ndiyo, akakabidhiwa dawa yake.

Tangu hapo aliadhimisha Misa kila siku kiganjani mwake, kwa matone matatu ya divai na tone moja la maji. Kambini, ambako wafungwa 50 walilala kwenye kitanda kimoja kirefu na kila mmoja alikuwa na nafasi ya nusu mita, Wakatoliki watano walipangiana kulala karibu naye. Taa zilipozimwa saa tatu na nusu usiku, aliinama juu ya kipande chake cha kitanda, akaiadhimisha Misa yote kwa ghibu, kisha akapitisha Komunyo chini ya chandarua. Karatasi za pakiti za sigara zilikunjwa zikawa vifuko vya kuhifadhia Ekaristi, na vifuko hivyo vikazunguka kambini katika mifuko ya mashati ya wafungwa.

Sura hii inaanzia kwenye lile tone la maji.

Katika kila Misa, padre humimina maji kidogo sana ndani ya divai kabla ya kuitolea. Wengi hawalioni tendo hilo. Linachukua sekunde chache tu, kwaya ikiwa imepamba moto kwa wimbo wa vipaji na foleni ya sadaka ikiwa bado inasogea kuelekea mbele. Lakini ni tendo la kale, na aliyelieleza vizuri kuliko wengi ni Mwafrika: Cyprian, askofu wa Carthage, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, aliyekatwa kichwa kwa ajili ya imani mwaka 258. Katika barua ndefu aliyomwandikia askofu mwenzake, alifundisha kwamba divai ni Damu ya Kristo na maji ni watu. Vikishakutana ndani ya kikombe, hakuna awezaye kuvitenganisha tena.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa neno ambalo Wakatoliki huambiana mbele ya kitanda cha mgonjwa, mara nyingi bila kulieleza: tolea. Tolea mateso yako. Likitamkwa kwa haraka na mtu mwenye afya tele ambaye bodaboda inamsubiri nje, neno hilo linaweza kumchoma mgonjwa kuliko ugonjwa wenyewe. Maana yake halisi ni ya unyenyekevu zaidi. Mtu hana cha kuongeza kwenye msalaba wa Kristo kama vile tone la maji lisivyo na cha kuongeza kwenye divai. Anachofanya ni kuyaweka maumivu yake mahali ambapo hayatakuwa peke yake.

Mtume Paulo alikuwa na jambo aliloliita mwiba katika mwili wake. Wataalamu wa Maandiko wamebishana kwa karne nyingi kuhusu mwiba huo. Wengine wamesema ni macho mabovu, wengine homa, wengine kifafa, wengine wapinzani waliomfuata kila mji. Paulo mwenyewe hasemi. Anachosimulia katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho ni kwamba alimsihi Bwana mara tatu auondoe, na mwiba ukabaki. Alichopewa ni ahadi kwamba neema itamtosha akiwa nao. Msomaji wa Injili ya Mathayo atakumbuka kwamba Yesu naye, katika bustani ya Getsemani, aliomba mara tatu kikombe kile kimwepuke. Kikombe hakikumwepuka.

Kwa hiyo, mafundisho ya Kanisa Katoliki kuhusu sala na mateso yameanzia kwenye maombi mawili makubwa ambayo hayakujibiwa jinsi mwombaji alivyotaka. Jambo hili linafaa kukumbukwa katika miji yetu, ambako kila jioni vipaza sauti hutangaza kwamba mwenye imani ya kutosha ataondoka amepona, amelipwa, ameolewa. Kanisa halikani uponyaji. Linauombea na kuupokea kwa furaha linapouona. Hata hivyo huko Lourdes, Ufaransa, ambako Bernadette Soubirous alitokewa na Bikira Maria mwaka 1858 na ambako mamilioni ya mahujaji huenda kila mwaka, miujiza ya uponyaji iliyotambuliwa rasmi na Kanisa haifiki 80 hadi leo. Wagonjwa wanaosukumwa kwenye viti vya magurudumu hadi kwenye pango lile wanaijua hesabu hiyo. Wanaenda, na wengi wao hurudi nyumbani na ugonjwa wao, kisha mwaka unaofuata wanaenda tena.

Papa aliyelichukua swali hili na kuliandikia waraka mzima alikuwa mtu mwenye ushahidi wa mwili wake mwenyewe. Karol Wojtyła alimzika mama yake akiwa na miaka minane, akampoteza kaka yake miaka mitatu baadaye, na kabla hajatimiza miaka 21 alikuwa amebaki pekee katika familia yake. Mei 13, 1981, akiwa tayari ni Papa Yohane Paulo II, alipigwa risasi katika uwanja wa Mtakatifu Petro na akanusurika kifo. Waraka wake wa kitume kuhusu maana ya mateso, Salvifici Doloris, ulitoka tarehe 11 Februari 1984, sikukuu ya Mama Yetu wa Lourdes. Wiki sita tu kabla ya hapo alikuwa amekwenda gerezani Rebibbia, jijini Roma, akaketi na kuzungumza na aliyempiga risasi.

Waraka huo hauwaambii wateswa kwamba maumivu ni mazuri. Unasema mateso ni ovu ambalo binadamu hulionja, na kwamba kulipigania lipungue ni wajibu. Kisha unaongeza jambo lililo gumu zaidi kulisema: mateso yaleyale yaliyoshindikana kuondolewa yanaweza kugeuka kazi. Papa alimaliza kwa mfano wa Msamaria Mwema, akieleza kwamba Kristo alimfundisha mtu mambo mawili kwa pamoja, yaani kutenda mema kwa mateso yake na kuwatendea mema wanaoteseka. Ukikata nusu moja ya fundisho hilo umelipotosha lote. Nusu ya kwanza peke yake humwacha mgonjwa kitandani akihubiriwa uvumilivu. Nusu ya pili peke yake humhudumia vizuri, lakini siku dawa zinapoisha nguvu haina la kumwambia.

Hata kuhusu dawa zenyewe Kanisa halikukaa kimya. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio XII, akizungumza na madaktari wa usingizi, alisema waziwazi kwamba mgonjwa anaruhusiwa kupewa dawa kali za kutuliza maumivu, hata kama zinaweza kufupisha maisha yake, mradi nia isiwe kumuua. Anayemzuilia mgonjwa wa saratani mofini ili apate stahili mbinguni hafuati mafundisho ya Kanisa lake.

Je, kazi hiyo ya mateso inaonekanaje kwa mtu mmoja, aliyeishi siku moja baada ya nyingine?

Mwaka 1869 hivi, katika eneo la Darfur nchini Sudan, alizaliwa mtoto ambaye jina lake la kwanza halijulikani. Hata yeye hakulijua. Watekaji waliomchukua akiwa msichana mdogo walimtisha kiasi kwamba alilisahau jina alilopewa na wazazi wake, wakamwita Bakhita, mwenye bahati. Msomaji wa Kiswahili analisikia neno lake mwenyewe ndani ya jina hilo, na uchungu wake pia. Aliuzwa na kununuliwa mara kadhaa. Katika nyumba ya ofisa mmoja wa jeshi, mwanamke aliyefanya kazi hiyo alimchanja mwilini kwa wembe mikato zaidi ya mia moja, kisha mikato ikapakwa chumvi ili makovu yabaki. Mwaka 1883 alinunuliwa na makamu balozi wa Italia huko Khartoum, Callisto Legnani, na kwa mara ya kwanza tangu atekwe hakuna aliyempiga.

Alifika Italia mwaka 1885, akawa mlezi wa mtoto katika familia moja. Mama wa familia alipotaka kumrudisha Afrika, Bakhita alikataa kutoka kwa masista Wakanosa wa Venice waliokuwa wakimfundisha dini. Shauri likafika mbele ya sheria, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yeye si mtumwa wa mtu. Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa, akaitwa Josephine. Baadaye alijiunga na masista hao, akaishi karibu nusu karne katika mji mdogo wa Schio akipika, akishona, akitunza sakristia na kufungua mlango.

Kuna neno moja ambalo halipaswi kupita bila kutazamwa. Bakhita alizungumza lahaja ya Venice, na humo alimwita Mungu *paron*, yaani bwana mwenye mali. Ndilo neno lilelile la bwana wa mtumwa. Papa Benedikto XVI, katika barua yake kuhusu tumaini, Spe Salvi, ya mwaka 2007, alilisimamia jambo hilo: mwanamke aliyekuwa amewajua mabwana wengi wa kutisha alikutana na Bwana aliyekuwa juu yao wote, naye huyo alikuwa amepigwa mijeledi kabla yake. Kiswahili nacho kimebeba maana zote mbili katika neno moja. Bwana ni mwenye watumwa, na Bwana ndiye anayeitwa katika kila sala. Huko Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868 na kukikalisha kijiji chake watu waliokombolewa utumwani, maana hizo mbili zilikutana katika vinywa vya watu walewale.

Uzeeni Bakhita aliugua muda mrefu na kutembea kwa kiti cha magurudumu. Aliyemuuliza hali alijibiwa kwamba ni kama Bwana anavyotaka. Lakini siku za mwisho, homa ilipopanda, minyororo ilirudi. Alimsihi muuguzi ailegeze kwa sababu ilikuwa mizito. Miaka 57 ya Ukristo haikuwa imefuta yaliyomo katika kumbukumbu ya mwili, na waandishi wa maisha ya watakatifu walifanya haki kutoficha hilo. Alikufa tarehe 8 Februari 1947. Tarehe hiyo sasa ndiyo siku ya kimataifa ya sala dhidi ya biashara ya binadamu. Alitangazwa mtakatifu mwaka 2000.

Wakatoliki hupenda kukumbuka kwamba alisema angewapigia magoti wale waliomteka, kwa kuwa bila wao asingemjua Kristo. Maneno hayo ni yake yeye mwenye makovu. Hakuna mwingine mwenye haki ya kuyatumia kuupamba utumwa, wala kumwambia mke anayepigwa kwamba apige magoti pia. Bakhita huyohuyo, alipopata nafasi ya kusema hapana mbele ya sheria, alisema hapana.

Sasa turudi Vietnam, kwa sababu Van Thuan aliacha ushahidi ambao wahubiri wengi huuruka. Alisimulia kwamba kuna siku katika chumba cha upweke ambapo hakuweza kabisa kusali. Chumba cha gereza la Phu Khanh hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na joto na unyevu mwingi kiasi kwamba uyoga uliota kwenye mkeka wake, na ili apate hewa alilala chini na kuweka pua kwenye kitundu kilichokuwa karibu na sakafu. Mwili ulipochoka kabisa, hata sala fupi anayoijua mtoto wa komunyo ya kwanza hakuweza kuimaliza. Kilichomtesa zaidi ni kuiwazia kazi yake: jimbo alilolihudumia miaka minane, seminari, mipango, vyote vikibomoka naye hana la kufanya. Usiku mmoja alisikia moyoni kama sauti inayomtaka atofautishe kati ya Mungu na kazi za Mungu. Kazi zilikuwa zimechukuliwa, na Mungu hakuwa amechukuliwa. Tangu hapo, anasema, amani ilimrudia, ingawa mlango ulibaki umefungwa kwa miaka mingi mingine.

Hapa ndipo inapoonekana faida ya sala ambayo baadhi ya watu huidharau kwa kuwa ni ya kukariri. Mtu mwenye nguvu anaweza kutunga sala yake. Aliyevunjika hawezi. Rozari, Njia ya Msalaba yenye vituo 14, litania, zaburi zinazosomwa asubuhi na jioni: hizi ni sala zilizotengenezwa na wengine, na mteswa anaziingia kama mtu anavyoingia nyumba iliyojengwa tayari. Vidole vinahesabu punje hata akili ikiwa imezimika.

Na humo ndani mna nafasi ya kulalamika. Kitabu cha Zaburi kimejaa watu wanaomuuliza Mungu atanyamaza mpaka lini. Zaburi ya 88 inaanza gizani na kuishia gizani, na bado Kanisa limeiweka katika sala ya usiku ya kila Ijumaa, ili padre, sista na mlei yeyote anayeifuata Liturujia ya Vipindi aitamke hata kama wiki yake ilikuwa njema. Yesu msalabani alisali zaburi ya mtu aliyeachwa. Mkatoliki anayemlilia Mungu kwa hasira hajatoka nje ya imani yake.

Teresa wa Mtoto Yesu alilijua giza hilo. Alianza kukohoa damu Juma Kuu la mwaka 1896, akiwa mtawa wa Karmeli mjini Lisieux, na wakati wa Pasaka hiyohiyo imani yake iliingia usiku ambao haukukoma mpaka alipokufa kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24. Alipoagizwa atembee bustanini kwa ajili ya afya, sista mmoja alimwona anavyojikokota akamsihi apumzike. Teresa alieleza kwamba anatembea kwa ajili ya mmisionari fulani, ambaye huenda saa hiyo yuko mbali sana na amechoka kwa safari. Kutolea hakuna mfano mwepesi kuliko huo: hatua chache za mgonjwa, zikapelekwa kwa mtu asiyemjua. Mwaka 1927 mwanamke huyu ambaye hakuwahi kufanya kazi katika misheni yoyote alitangazwa msimamizi wa misheni zote.

Lakini sala inaweza kushindwa, na kitabu kinachoandikwa kwa wasomaji wa Afrika ya Mashariki hakiwezi kulipita jambo hilo kwa miguu miepesi.

Tarehe 24 Aprili 1994, wakati Maaskofu wa Afrika wakiwa Roma kwa Sinodi yao, Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri kijana wa Kongo, Isidore Bakanja. Alikuwa mfanyakazi aliyebatizwa mwaka 1906, akasali rozari na kuvaa skapulari ya Bikira Maria shingoni. Msimamizi wa shamba alikofanya kazi alikerwa na skapulari hiyo na sala zake, akaamuru apigwe. Mjeledi ulikuwa wa ngozi ya mnyama, wenye misumari. Mgongo ulioza, na baada ya miezi ya maumivu Bakanja alikufa tarehe 15 Agosti 1909, rozari ikiwa mkononi. Alikuwa amemsamehe aliyempiga na kuahidi kumwombea atakapofika mbinguni.

Siku ile alipotangazwa, wiki ya tatu ya mauaji ya kimbari ilikuwa inaendelea Rwanda, nchi ambayo wengi wa watu wake walikuwa Wakatoliki. Wauaji na wauawa walikuwa wamekariri rozari moja. Huko Kibeho, kusini mwa nchi, mwanafunzi wa sekondari Alphonsine Mumureke alikuwa amesimulia tangu tarehe 28 Novemba 1981 kwamba Bikira Maria anamtokea. Agosti 1982 yeye na wenzake waliotokewa walilia mbele ya umati, wakisema wanaona damu na miili isiyozikwa. Mmoja wao, Marie Claire Mukangango, ambaye mwanzoni ndiye aliyemdhihaki Alphonsine kuliko wote, alipewa jukumu la kuifufua Rozari ya Mateso Saba, sala ya kutafakari uchungu wa Maria kuanzia utabiri wa mzee Simeoni hadi kaburini. Aprili 1994 maelfu ya watu waliokimbilia kanisa la parokia ya Kibeho waliuawa humohumo. Marie Claire naye aliuawa mwaka huo.

Kanisa lilitambua rasmi kutokea kwa Bikira Maria huko Kibeho tarehe 29 Juni 2001. Na tarehe 20 Machi 2017, Papa Fransisko alipompokea Rais wa Rwanda, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na ya watu wake, wakiwemo mapadre na watawa walioshiriki chuki na mauaji. Rozari mkononi haikuwa imetosha. Sala ambayo haimbadilishi mtu anavyomtazama jirani yake inaweza kusaliwa kwa ufasaha hadi asubuhi ya siku ya kumuua.

Miaka mitatu baada ya mauaji hayo ya Rwanda, upande wa pili wa mpaka, swali hilohilo liliulizwa tena. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, wavamizi wenye silaha waliingia seminari ndogo ya Buta, nchini Burundi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Wanafunzi walikataa. Walibaki pamoja, na risasi na mabomu ya mkono vikawapata pamoja. Walikufa 40. Rwanda na Buta zilisali sala zilezile. Tofauti ni kwamba kule Buta, kwa miaka iliyotangulia, vijana wale walikuwa wamefundishwa kuzungumza waziwazi kuhusu ukabila uliokuwa ukiimeza nchi yao, wakala meza moja, wakalala bweni moja. Sala ilikuta ardhi iliyolimwa.

Ndiyo sababu ile nusu ya pili ya fundisho la Yohane Paulo II haiwezi kungoja. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Sista Irene Stefani, Mwitaliano wa Shirika la Konsolata aliyefika Kenya mwaka 1915, alitumwa kwenye hospitali za wapagazi wa jeshi, kwanza Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Wapagazi hao, waliochukuliwa vijijini kubeba mizigo ya vita ambavyo si vyao, walikufa kwa wingi kwa kuhara, homa na njaa. Irene aliwaosha vidonda na kukaa nao walipokuwa wanakata roho. Baada ya vita alirudi Kenya, akatumikia misheni ya Gikondi kwa miaka kumi, na Wakikuyu wakamwita Nyaatha, mama wa huruma. Alikufa tarehe 31 Oktoba 1930 kwa tauni aliyoambukizwa na mgonjwa aliyekwenda kumuuguza. Alitangazwa mwenyeheri mjini Nyeri mwaka 2015.

Huduma ya namna hiyo ina sakramenti yake, na bahati mbaya bado inaogopwa. Wazee wengi waliijua kwa jina la Mpako wa Mwisho, na mpaka leo kuna familia zinazochelewa kumwita padre kwa kuhofia kwamba akifika na mafuta, mgonjwa atajua amekatiwa tamaa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilirekebisha jina hilo mwaka 1963: ni Mpako wa Wagonjwa, na si wa wanaokata roho pekee. Anayengoja upasuaji mkubwa anaupokea. Mzee aliyedhoofika anaupokea. Akipona, akaugua tena, anaupokea tena.

Sehemu kubwa ya kazi hii, hata hivyo, haifanywi na mapadre. Tangu miaka ya 1970, Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walipoamua kuzijenga parokia zao juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, mgonjwa wa mtaani ana watu wake. Nchini Tanzania, jumuiya nyingi hukutana Jumamosi asubuhi na mapema, kabla watu hawajakwenda sokoni. Akiwepo aliyelazwa nyumbani, sala huhamishiwa kwake. Viatu vinavuliwa mlangoni. Mmoja amekuja na sukari na sabuni, mwingine anaingia moja kwa moja jikoni kuosha vyombo vya jana, na mwenyekiti anauliza kwa sauti ya chini kama dawa za wiki hii zimepatikana na ni shilingi ngapi zimepungua.

Kisha inaanza rozari. Salamu Maria ina nusu mbili: kiongozi anaianza, wengine wanaimalizia. Mgonjwa aliyezoea kuongoza sasa hana pumzi ya kufika mwisho wa nusu yake. Anaanza, sauti inakatika katikati, na kabla kimya hakijawa kirefu wote waliomo chumbani wanaipokea pale alipoiachia na kuifikisha mwisho. Mama aliyeketi kitandani kando yake anashika kidole chake na kukisogeza hadi kwenye punje inayofuata.